Pembezoni mwa Picha

Kabla yake niliunganisha saa za mkono,
na kabla yangu mama mkwe alisokota juti
humu humu Dundee, katika kelele iliyowafunza wanawake
kusomana midomo.
Mikono yenu, walisema mabwana, ni myepesi, tena rahisi.
Rahisi ndilo neno walilolikusudia.

Ikaja kazi mpya kwenye mkanda:
kisanduku cheusi, chembamba kama kabari ya mlango,
na ndani, ukikifungua, karibu hamna kitu.
Chipu nne. Nilizihesabu mara mbili
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Moja inafikiri. Moja ilizaliwa inajua, haisahau.
Moja inakumbuka, lakini kidogo,
barua fupi kwa shangazi, bila salamu.
Na ya nne, alisema Baxter msimamizi,
imemeza kazi za wenzake wengi, nao wakaachishwa.
Hatukucheka.
Hata vitufe haina: ngozi ya plastiki iliyochorwa herufi,
unabonyeza, haibonyei.
"Kila tulichokitoa ni peni mfukoni mwa mnunuzi."
Mfuko wangu sikuuliza.

Nilichukua moja kwa bei ya wafanyakazi,
nikikatwa kila Ijumaa,
nikampelekea Erchie.
Yadi ya meli ilikuwa imemrudisha nyumbani;
yeye aliyechomelea mabamba mapana kuliko sebule yetu
sasa alikuwa mchemsha birika, ndivyo wanavyoitwa hapa
wanaume wanaongoja mke arudi na bahasha.

Siku ya tisa nilimkuta mbele ya runinga
akaniambia maneno mengi kuliko ya mwezi mzima:
"Netta, hii haina mchoraji!
Ubongo ule ule unaofikiri ndio unaochora picha,
mstari kwa mstari, mara hamsini kwa sekunde.
Haupati nafasi ya hesabu ila pembezoni,
picha ikishakwisha chini, kabla haijaanza tena juu.
Ukiuhimiza, unaacha kuchora. Kioo kinabaki kitupu.
Unafikiri humo gizani, kisha unarudi na jibu."

Nilikuwa nimesimama, koti bado mwilini,
theluji ikiniyeyukia shingoni,
kodi, makaa, viatu vya Struan
vikipangana kichwani kati ya mlango na jiko.
"Naijua hiyo," nikasema.
"Umeijulia wapi?"
"Geuza viazi, vinaungua."

Jumapili alinakili programu kutoka gazetini,
kidole kimoja, saa mbili na nusu,
na kisanduku cha kumbukumbu ya ziada
kikining'inia nyuma kama mtoto asiyefungwa vizuri mgongoni.
Struan akaweka kiwiko mezani.
Kiwiko tu.
Kisanduku kikatikisika, kioo kikapepesa,
na mistari yote mia tatu ikaenda
mahali iendako mistari.

Niliitazama mikono ya Erchie. Struan pia aliitazama.
Yadi ilipofungwa, mikono ile ilivunja mlango wa kabati.
Akakohoa. Akamnyooshea mtoto kiganja:
"Hebu, ubani ulio mdomoni."
Mchomeleaji wa meli za tani elfu kumi
akaigandisha kumbukumbu kwa ubani wa minanaa,
akaukandamiza kwa gumba, akarudi nyuma kuukagua,
akaanza kucheka, kicheko chenye kutu.
Halafu akaandika: kumi. Mstari wa kwanza huitwa kumi,
aliniambia, ili ibaki nafasi ya ulichosahau.

Jumatatu bodi zilinijia, mia, kisha mia.
Nikawa naufuta kila ukingo wa nyuma kwa ncha ya aproni,
kitu kisichoandikwa kwenye maelekezo.
Baxter akaniona, akasema najichelewesha.
Najua, hakikuponya kitu; ubaya ulikuwa kwenye mchoro,
si mikononi mwetu.
Lakini mahali fulani kuna mtu
aliyekuwa amefika mstari wa mia mbili na tisini.