Hayajaambiwa

Ijumaa nililifuta bwawa.
Mashine ndivyo inavyoliita, bwawa:
diski sita zimemiminwa pamoja zikawa maji mamoja.
Sisi wa Moshi bwawa tunalolijua ni Nyumba ya Mungu,
lina perege, lina mbu.
Hili lilikuwa na kilo za kahawa za misimu kumi na miwili,
majina, madeni,
alama za dole gumba zilizopigwa picha.
Vyote nilikwisha kuvihamisha. Nikahesabu mara mbili,
Ndewirwa akahesabu ya tatu, kwa sababu haniamini.
Nikabonyeza: futa.
Likafutika, hata kishindo hakikusikika.

Jumatatu diski hazitaki kazi.
Naziita moja moja kwa namba.
Ya kwanza imejifunga. Ya pili imejifunga.
Ya tatu yanijibu kwa adabu ya karani wa zamani:
mimi ni mali ya bwawa.
Bwawa lipi?
Mali ya bwawa.
Na bwawa lenyewe halipo, nimelifuta kwa kidole hiki.

Anaeli wa stoo kasimama mlangoni, funguo zake zinalia kiunoni:
"Umezifunga wewe, au zimejifunga zenyewe?"
Swali hilo halimo kwenye kitabu cha maelekezo.

Saa tano umeme ukakatika.
Feni zikashusha pumzi, moja, nyingine, kimya.
Kutoka ghala la chini ikapanda harufu ya kahawa mbichi,
harufu ya gunia na nyasi,
nami nikajikuta Uru, kwenye kihamba cha babu,
mwaka ule kilipouzwa.

Nyumba ilikwisha bomolewa. Mabati yalikwisha kwenda.
Hati ilikwisha badili jina.
Trekta likaja, likakuta masale yamesimama mstari,
kijani, yamenyooka,
yanalinda ua wa watu wasiokuwepo.
Dereva, mgeni wa Babati, akauliza majani haya yana nini
hata watu wazima mnayazunguka.
Shangazi Ndeanasia akasema:
"Hayajaambiwa."
Akainama. Akafunga fundo kwenye jani moja,
akasema nalo kwa Kichaga, chini chini,
shina hadi shina, mpaka kona ya mfereji.
Kisha akajifuta magoti. "Haya. Kata."

Umeme uliporudi nilikuwa bado nimekaa.

Nililifuta bwawa huko juu, kwenye orodha.
Sikuteremka kuziambia diski.
Kila moja ukingoni mwake ina maandishi madogo:
jina la bwawa, namba yake, namba za nduguze watano,
imeyashika
kama mtoto aliyetumwa dukani anavyoishika noti.

Nikaandika amri, ile ya kuirudisha diski ilivyozaliwa.
Namba moja. Una hakika? Ndiyo.
Taa ikapepesa, ikazima, ikawaka.
Ya pili, una hakika? Ndiyo.
"Sasa ni wajane," Ndewirwa akasema.
Nikamwambia anyamaze, ashike kebo.
Ya tatu, yule karani, haikubisha hata kidogo.
Ya nne ilikataa mara mbili.
Nikaichomoa, nikaiacha ipoe kiganjani,
ina uzito wa kitabu cha nyimbo cha mama,
nikairudisha, nikaiandikia tena herufi kwa herufi,
kana kwamba upole unapita kwenye waya.
Labda unapita. Ilifunguka.
Ya tano.

Kesho zinakwenda Mamba, shule ya wasichana,
zikabebe picha za maua yaliyopasuliwa na mitihani ya fizikia.
Anaeli amekwisha andika daftarini, kalamu yake inavuja:
diski sita, tupu.

Lakini ilikuwa bado ya sita,
nami kabla ya kubonyeza nilisema nayo kidogo.
"Unaongea na nani?" Ndewirwa akauliza toka chini ya meza.
"Na feni," nikasema.