Mbwa Anajikung'uta

Saa mbili usiku nafunga duka la dawa,
nahesabu lari, nazima taa ya dirishani,
halafu badala ya kwenda zangu nyumbani
nakaa nyuma ya kaunta na penseli laini
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

Mimi Nanuli, miaka hamsini na sita,
sikusomea kuchora. Nilisomea vipimo:
miligramu ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula.
Mduara wangu wa kwanza ulitoka kiazi.
Wa pili, kiazi kilichokaliwa.

Nje ni mvua, mvua ya Kutaisi isiyojua kuaga,
na kwenye ngazi ya duka amelala Tetra,
hereni ya njano ya manispaa sikioni,
mbwa wa watu wote, basi hana wa kumkausha.
Nikasema nianze na huyu. Hatadai picha ifanane.

Kivuli kilinishinda mwezi mzima.
Nilikipaka pande zote sawasawa, kana kwamba nagawa urithi,
na Tetra akatoka gunia lililoungua.
Hadi usiku mmoja nikaona: taa ya mtaa iko upande mmoja tu,
wala haiombi radhi.
Nikachukua pamba ya kusafishia vidonda,
nikasugua weusi polepole chini ya tumbo,
mgongo nikauacha mtupu, sikuugusa,
na mgongo ukainuka.
Niliupapasa kwa kidole.
Karatasi ilikuwa bapa vilevile.

Rangi sikununua, ninazo rafuni:
pamanganeti kwa anga la jioni,
ile dawa ya kijani tuliyopakwa magotini utotoni,
iodini kwa madoa ya manyoya.
Kumbe karatasi ina wanga!
Mbwa akageuka bluu, bluu ya kukaribia weusi,
jaribio la darasani, mfamasia mzima nimelisahau.
Nikacheka peke yangu hadi Guliko akagonga ukuta.

Mjukuu wake, Vakho, ndiye aliyenifungua macho:
"Mchore mara nyingi, halafu umkimbize kwa dole gumba."
Nikatwaa fomu za zamani, migongo yake mitupu,
arubaini, nikazibana kwa kibanio cha chuma.
Nilitaka jambo moja: mbwa aamke, ajikung'ute, alale.

Umewahi kumtazama mbwa akijikung'uta?
Nilidhani nimewahi.
Huanzia puani. Kichwa kiko kushoto, mabega yangali kulia,
wimbi linateremka mbavuni, kiunoni,
na mkia hupata habari mwisho kabisa,
kichwa kimeshanyamaza zamani.
Nilimmwagia kikombe cha maji nione tena.
Samahani, Tetra.

Wiki tatu. Ya kumi na moja ina miguu mitano.
Vakho akaachia dole: trrrrr.
Akarudia. Akakunja uso.
"Mkia umekwenda wapi?"
Kweli, ya ishirini na saba haina mkia.
Kufumba na kufumbua haupo, kufumba na kufumbua umerudi.
"Labda," akasema, "amejikung'uta mno, ukadondoka."
Nikaahidi kuurekebisha. Sijaurekebisha.

Juzi mzee Ambrosi alikuja kuchukua vidonge vya presha.
Nikihesabu, yeye akiachia dole, mara tisa,
kisha akatoka, vidonge akaviacha kaunta.
Nilimkimbilia hadi kona, mvuani, bila mwavuli.
Akapokea, akasema tu,
"Pale mkia unaporudi, pale."

Iodini nayo inafifia.
Kila wiki mbwa wa karatasi anazidi kuwa mweupe,
na tetra, kwetu, maana yake ndiyo hiyo.
Siongezi matone.

Kesho najaribu paka wa duka la mikate.
Vakho amenionya: paka akilowa
hana makelele ya mwili mzima,
hunyanyua mguu mmoja mmoja,
akautazama, akautikisa,
kama aliyekanyaga deni la mtu mwingine.