Kiti cha Kumi na Tatu

Niliitwa kwa ajili ya ufunguo tu.
Ghala letu la vifaa vya kura
ndilo lenye viti vya plastiki vilivyobaki Webuye,
na kaunti ilikuwa na kikao.

Nikahesabu kumi na viwili, nikavipanga.
Ubaoni walikuwa wamechora hatari za mtandao:
hospitali, maji, ushuru wa soko, masijala ya ardhi,
kila kimoja na duara lake jekundu,
na mishale ya wezi wasioonekana
ikitoka pembeni, pasipo na jina.
Nilitafuta uchaguzi. Haukuwemo.
"Huo ni wa tume," akasema mmoja. "Una wenyewe."

Wenyewe ndio sisi, bwana.
Ni mimi, Namalwa, na makarani wa siku tatu,
na vishikwambi mia mbili vilivyolala ukuta wa pili,
vinakula umeme huu huu wa kaunti,
kwa nyaya hizi hizi zinazopita juu ya vichwa vyenu.
Paa likivuja, tone haliulizi mpangaji ni nani.

Sikusema hivyo. Nilisema tu:
usiku wa kuhesabu kura, saa nane na dakika kumi,
simu iliita. Sauti ya mkubwa wangu kabisa,
hata kikohozi chake. Ilitaka nywila.
Herufi ya kwanza ilishanifika ulimini.
Lakini mkubwa wangu, hata nyumba iungue,
huanza na *mulembe*.
Yule hakunisalimu.

Nikakata. Halafu nimpigie nani?
Nambari zenu sikuwa nazo, yangu hamkuwa nayo.
Nilikesha na lile jambo
kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki.

Upepo ukaingia kutoka upande wa kiwanda.
Zamani harufu yake ilitufuata hadi vitandani,
tukasema: hiyo ni karatasi, hiyo ni kazi, na tukalala.
Hatari ya siku hizi hainuki.

Mwenyekiti akatazama saa. Chai ilikuwa inapoa.
Wepukhulu, kijana wa kompyuta,
akafuta kona ya ubao kwa kiganja.
"Rudia, mama. Saa nane na ngapi?"

Nikarudi ghalani.
Kiti cha kumi na tatu kilikuwa na mguu uliopasuka.
Nilikibeba hicho hicho,
nikakalia upande mmoja.