Usomaji wa Asubuhi

Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji:
Umoja, Kaloleni, Makongeni,
nikifunua vifuniko vya chuma kwa ncha ya mwavuli,
mende kwanza, ndipo tarakimu,
nikiandika kiu ya watu nisiowajua
huku bomba la kwangu likikohoa hewa.

Kiinua mgongo kilipotoka
kila mtu alijua la kufanya nacho.
Mwanangu Muthiani alikwisha kuona ploti Joska,
hamsini kwa mia, mawe ya mpaka yamepakwa chokaa.
Dada yangu Kalekye akataja ng'ombe wa maziwa.
Mimi nikaenda Kariobangi kwa fundi Ogweno,
mtu wa ziwani anayechomea mageti,
nikamwambia: niundie mashua ya kukaa,
nyembamba, ipite langoni pako.
Akapima lango. Futi saba na inchi mbili.
"Basi utaishi futi saba, mama."
Urefu ukawa arobaini,
maana pesa ya chuma iliishia hapo.

Aliichora sakafuni kwa chaki.
Nikavua viatu, nikalala ndani ya mchoro
nione kama kitanda kinanitosha.
Vijana wa karakana walizima mashine, wakatazama pembeni
kwa adabu.

Ilisafirishwa usiku, Barabara ya Kangundo,
kijana juu ya paa na mpini wa ufagio
akiinua nyaya za umeme mmoja mmoja
kama apitaye chini ya nguo za jirani.
Njiru, walevi wawili walisimama wakapiga saluti.

Maji yangu ni shimo, nisifiche.
Machimbo yaliyoachwa chemchemi ilipowafukuza wachongaji;
mawe yake sasa ni ghorofa za watu,
nami naelea pale yalipotolewa.
Hatua mia mbili na kumi, ukuta hadi ukuta.
Nikiwasha injini nafika ng'ambo chai haijapoa,
nageuza kwa taabu, narudi.
Kihuria mwenye shimo hunitoza elfu tatu kwa mwezi
kwa jiwe ninalofungia kamba.
Maji, asema, ni ya Mungu.

Chifu alikuja na kitabu: ploti namba ngapi?
Nikampa mkono apande. Akapanda, ikayumba,
akashika jiko, akaomba maji ya kunywa.
Ya kunywa nanunua kwa mtungi, kama kila mtu.

Mchoraji wa malori alitaka kuandika Baraka za Mama.
Nikamwambia andika IMELIPWA.

Jioni ndege hushuka kuelekea Embakasi,
taa zake zikipita juu ya sufuria zangu.
Upepo ukigeuka, Dandora huingia bila hodi.
Marehemu Mbuvi asingepita kwenye ujia huu,
alikuwa na kifua cha mlango wa ghala.
Hata hivyo nimezoea kupita kiubavu,
nikimwachia upande wa dirisha.

Muthiani hupiga simu Jumapili.
Mama, hiyo kitu inaenda wapi?
Namwambia, ile ploti ya Joska, yenyewe inaenda wapi?
Anacheka kidogo. Kisha ananiuliza kama nimekula.

Kila asubuhi, kabla ya redio,
nafunua ubao mmoja wa sakafu,
namulika kwa tochi, nachovya rula.
Chuma kipya hutoka jasho, asema Ogweno.
Au kuna mshono haukushika. Hilo hajalisema.
Jumatatu, milimita nne.
Jumanne, nne.
Jana sita, lakini ilinyesha.
Naandika katika daftari nililosahau kurudisha kazini:
usomaji uliopita, usomaji wa sasa,
na ile safu ya mwisho, ya shilingi,
naipiga mstari.

Leo ni sita na nusu.
Nimeandika.
Nimerudisha ubao, nikasimama juu yake
kungoja maji ya chai yachemke.