Nimeku—

Hapa Barka, mlango wa waya uko chini ya kifuniko cha chuma
kati ya kibanda cha chai ya karaki na uwanja wa ng'ombe wa kupigana.
Mbuzi hulala juu yake, maana chuma hutunza joto.
Ni wachache tunaojua, mimi na Murad Mbulushi na mwenye kibanda,
kwamba Karachi na Mombasa na miji ya Wafaransa
hupita hapo, chini ya tumbo la mbuzi.

Usiku ule Mama alikuwa jikoni,
simu ameiegemeza kwenye kopo la samli,
anaongea na Khaloo Zayana wa Wete
mara ya kwanza tangu nyumba ya Limbani iuzwe.
Miaka kumi na mmoja. Nilihesabu mimi; Mama hakuhesabu kwa sauti.
Khaloo akasafisha koo. "Thuwaiba," akasema, "nimeku—"
na uso wake ukaganda, mdomo wazi,
jicho moja nusu limefumba
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Nikaitwa kazini. Ukuta mzima taa nyekundu.
Tukarusha mwanga ndani ya uzi wa kioo
mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
tukangoja urudi: pale uzi ulipokatika
mwanga hugonga, ukageuka.
Kabla ukope haujagusa mwenzake nilishajua:
kilomita mia na kumi na nne, upande wa Suhari,
meli za mafuta zinakongojea zamu,
pima arobaini chini, nanga ya mtu imetukokota.

Nikarudi nyumbani na hesabu yangu kamili, hadi mita.
Mama akauliza tu, "Na neno?"

Lugha yetu huwaingiza watu kwanza.
Ni: Khaloo. Me: limekwisha, halirudi nyuma.
Ku: Mama, na kopo lake la samli.
Wote wameshaingia, wameketi,
na tendo lenyewe bado liko barazani
linavua viatu.

Siku tisa Mama alilimalizia.
Akichambua mchele: nimekusamehe.
Akianika malimau juu ya dari: nimekuchoka.
Usiku, nyuma ya ukuta, nikamsikia: nimekukosa;
kisha, kwa sauti ndogo zaidi,
silabi moja ikaongezeka: nimekukosea.

Angeweza kutafuta njia nyingine. Hakutafuta.
"Kinywa kilicholianza," alisema, "kilimalize."

Siku ya sita ikafika meli ya mafundi, ikashusha kulabu,
ikaopoa waya kama kamba iliyoangukia kisimani.
Nyuzi kumi na mbili wakaziunga, mmoja mmoja,
kwa cheche isiyozidi punje ya mtama.
Jicho halikioni kiungo. Mwanga hukiona:
ukifika hapo huyumba, robo ya robo, ukaendelea.
Murad akasema waya mzee ni makovu matupu
na salamu zinafika vile vile.

Siku ya tisa, usiku, ukuta ukawa kijani.
Nilimpigia Mama kabla sijaipigia ofisi ya Maskati.
Hilo sikuliandika kwenye daftari.

Asubuhi Khaloo akatokea, mdomo umefungwa, leso nyingine.
Akataja mvua. Akataja goti. Akataja bei ya karafuu.
Mama akangoja mpaka karafuu zikaisha.
"Ulitaka kuniambia nini usiku ule?"
"Usiku upi?"
"Nimeku."
Khaloo akacheka, akaacha kucheka.
"Wallahi sikumbuki. Wewe ulilimalizaje?"

Kimya.
Nikatazama mitambo kwenye simu yangu:
Barka hadi Mombasa hakuna mwanga uliopotea njiani.
Kimya kile hakikuwa cha fundi.

Mama akalivuta kopo la samli karibu.
"Nimeku—" akaanza,
nami nikachukua viatu vyangu
nikatoka.