Harufu ya Mabibo

Hajalewa, bibi.
Rudisha mkono, usimpige tena.
Najua ni Novemba, Tandahimba nzima inanuka
mabibo yaliyoachwa chini ya mikorosho,
na uraka unaumuka kwenye madumu nyuma ya majiko.
Pumzi ya Somoe nayo inanuka hivyo hivyo,
tamu, kali, ya tunda lililopitiliza siku.
Ukasema: kaonja.
Nani asingesema?

Lakini mimi kazi yangu ni mikojo.
Miaka kumi na tisa, chumba cha dirisha moja,
nachovya kijikaratasi, nahesabu, naangalia rangi.
Nimehesabu mpaka arobaini.
Kimekuwa zambarau,
ile ya kuiva, ya kutia doa shati la shule.

Hizo ni ketoni. Si sumu, si pepo.
Wewe mwenyewe unazo.
Ramadhani, saa kumi alasiri,
mate yamekauka, daku limeshasahaulika,
nani anakuwashia taa kichwani
hata ukakumbuka deni la mtu la mwaka juzi?
Ubongo hauli mafuta, mlango wake mwembamba.
Basi ini, fundi wa usiku asiye na posho,
linayakatakata mafuta ya kiunoni
vipande vidogo, vinapita bila kuinama.
Moyo unavila. Misuli inavila.
Kichanga, maziwa ya mama hayajashuka, anavutwa navyo mpaka asubuhi.
Ni kibatari umeme ukikatika.
Ni makopa ya darini, mwezi ule
hela ya korosho imekwisha na mvua haijaiva.

Sasa la Somoe.
Unalikumbuka ghala la chama mwaka ule,
magunia mpaka kwenye kenchi, mnada umeahirishwa,
kufuli mlangoni, na sisi nje
tunakopa unga?
Damu yake ndiyo ghala hilo.
Sukari imejaa mpaka inamwagika mkojoni,
na kiu ile, ndoo nzima usiku,
ukasema ni jua.
Ufunguo ni insulini.
Kongosho lake limeacha kuuchonga.
Mwili unapiga yowe: njaa!
na ini, halina macho, linasadiki,
linawasha kibatari, na kingine, na kingine,
hata nyumba imejaa moshi.
Damu imechachuka, bibi.
Ndiyo maana anahema kama aliyetoka mbioni
naye amelala.

Nesi Nampunga ameshatundika maji.
Insulini inaingia, kidogo kidogo,
usimwombe aharakishe.

Na usinililie mimi.
Mdogo wangu Shaweji alinuka hivi.
Mwaka themanini na saba, Mnyambe.
Tukamlaza barazani ulevi umtoke.
Miaka tisa. Uraka hakuwahi kuuonja.

Keshokutwa nitachovya tena.
Zambarau itapauka, itakuwa waridi,
kisha rangi yake ya mwanzo, ya karatasi tu.
Utainama, utamnusa mdomoni
kama ulivyomnusa siku alipozaliwa,
na hutasikia kitu.
Dirishani mabibo yataendelea kunuka.
Yaache. Yale hayana kosa.