Mkono wa Kulia

Mdogo wangu Nsimire aliolewa kisiwani,
saa tatu za boti kutoka Bukavu,
ambako kitu cha pekee chenye gurudumu
ni toroli la kanisa, nalo limevunjika mguu.
Akatuma neno: nimejifungua, njoo.
Nikakunja sare ya njano, nikafunga filimbi ndani ya soksi,
nikaiaga njia panda ya Nyawera
kama mtu anayemwachia jirani sufuria jikoni.

Miaka kumi na mmoja nasimama pale.
Nayajua magari kwa vikohozi vyao:
basi la Kadutu lenye pumu,
pikipiki zinazopita kwapani mwangu,
Fuso zinazoshuka mlima zikinuka breki.
Nimemeza vumbi la kutosha kukandika chumba.

Nilipokanyaga mawe ya ufuko masikio yaliniuma
kama meno yaumavyo kwa maji baridi.
Si kwamba hapakuwa na sauti, nisiseme uongo.
Mwanamke alitwanga mihogo. Mbuzi alibishana na ukuta.
Mtu ng'ambo ya kilima alimwita Zihindula,
na Zihindula, ng'ambo ya kilima kingine, akakataa kuitika.
Zilikuja moja moja,
hakuna iliyotaka kuipita mwenzake.
"Nani anaziongoza?" nilimuuliza shemeji.
Akacheka, akaniongezea sambaza.

Njia yao ina upana wa mtu mmoja na mzigo wake.
Wawili wakikutana, mmoja anaingia migombani,
anasema, "Pita, mama," na mambo yamekwisha.
Hakuna anayekunja noti ya franga
ndani ya karatasi za gari.

Watoto walipoambiwa kazi yangu hawakuamini.
"Unasimamisha gari kwa mkono?
Hata kubwa? Hata likikimbia?"
"Kwa mkono."
"Na likikataa?" Huyo ni Nabintu, hana meno ya mbele.

Likikataa.

Nilikwenda kufua nepi.

Usiku ndipo ilipokuja,
kwa kuwa mjini haikupata pa kupita:
Jumanne, saa saba kasoro, wanafunzi wametoka,
mkono wangu wa kulia juu,
umenyooka vile tulivyofundishwa,
na lori la saruji likaja
likaja

kiatu kimoja cha buluu, mkanda wake umefungwa vizuri.
Kuna mtu aliufunga asubuhi ile.

Kesho yake nilirudi kazini.
Honi zilianza saa kumi na mbili,
nami nikazishukuru, Mungu anisamehe,
jinsi zilivyojaa kila mahali.

Kisiwani hakuna honi ya kujifunika.
Maji yanagusa jiwe, yanaacha.
Yanagusa, yanaacha.
Nililia hadi nikamwamsha mtoto,
tukalia wawili: yeye akililia ziwa la mama yake,
mimi nikililia mbele ya ziwa lisiloniuliza kitu.
Nsimire hakuuliza pia. Alimnyonyesha,
kisha akaniwekea mapajani, mzito, ameshiba,
akarudi kulala.

Siku ya nne Nabintu alinikuta njiani na kamba ya mbuzi.
"Nionyeshe," akasema.
Nikasema sina sare. Akasema si neno.
Alipanda hadi kwenye miti ya kahawa, akageuka,
akashuka mbio, miguu mitupu, akinguruma kwa mdomo,
gari kubwa kuliko yote yaliyopita Nyawera.

Niliinua mkono.

Ulitetemeka. Haukunyooka vile tulivyofundishwa.
Pua yake ikagonga kiganja changu, na kamasi zake zote.
"Umeona?" alihema. "Nimesimama."

Boti ya Jumamosi ilichelewa kama kawaida yake.
Mji niliusikia kabla sijauona,
kwanza jenereta, halafu vyote kwa pamoja.
Filimbi ilikuwa bado ndani ya soksi.
Abiria walianza kusukumana wakitafuta viatu,
nami nikagundua kwamba njia nzima
nilikuwa nimefumba mkono wa kulia
kama mtoto aliyetumwa dukani
akaambiwa asidondoshe pesa.